Nilimlisha Sajini Uongo Siku ya Krismasi

Nilikosa. Naanza na hilo mapema kabla sijapata nafasi ya kujitetea, maana kujitetea ninajua sana. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba niliponzwa na mhubiri fulani, kwamba ulikuwa mwaka wa njaa, kwamba nilikuwa bado kijana. Uongo mtupu! Kisu kilikuwa mkononi mwangu na akili zangu zilikuwa timamu.

Jina langu silitoi. Watu wa Isiolo mtanijua hata hivyo, maana mji wetu ni mdogo na jambo lenyewe lilivuma. Nyinyi wengine nisikilizeni tu kama mtu aliyeketi nanyi kibarazani akaamua kusema ukweli.

Mimi ni fundi seremala. Nilishuka kutoka Meru mwanzoni mwa miaka ya sabini na sanduku la randa na misumeno, nikajenga chumba na karakana kando ya boma la mtu ambaye hapa nitamwita Sajini. Yeye hakuwahi kuvaa sare hata siku moja. Sajini alikuwa babake, Msomali aliyekuwa askari wa Mwingereza kisha akapewa mahali pa kukaa hapa Isiolo, na jina likabaki kwa mwana kama urithi. Sajini wangu alikuwa mtu wa lori. Alipeleka unga, sukari na majani ya chai hadi Garba Tulla na Sericho, akarudi na mbuzi na ngozi.

Tulitenganishwa na ua wa mabati, na ua huo ulikuwa na mwanya ambao wake zetu walipitishia sahani, moto na umbea. Mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, na mtoto akakataa kutoka, Sajini alitupa magunia yake chini, akamlaza mke wangu kwenye lori na kumkimbiza hospitali huko Meru. Binti yangu Kendi yuko hai kwa sababu ya lori lile. Mama yake Sajini, kikongwe asiye na meno, ndiye aliyemwogesha mtoto tuliporudi. Watoto wangu walikua wakimwita Ayeyo, yaani nyanya, kama wajukuu zake mwenyewe walivyomwita.

Sasa mnaelewa ni mtu wa aina gani niliyemtendea.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na mabenchi yake niliyaranda mimi. Mbao zilifika kwa lori la Sajini, na hakutaka shukrani. Tulikuwa mchanganyiko: Wameru, Waturkana, wafanyakazi wa serikali waliotupwa huku kaskazini wakilia. Mchungaji alikuwa Mturkana mmoja mpole, mzee aliyechunga mbuzi kabla ya kuchunga watu, na ndiye aliyeanzisha desturi yetu ya Krismasi.

Desturi ilikuwa hivi. Asubuhi ya Krismasi Sajini alikuwa akitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, anakuja uani kwangu na kisu alichokifunga kwa kitambaa, anamchinja kondoo wa kanisa. Alichinja yeye ili nyama iwe halali kwa kila mtu. Sisi tulikwenda kuabudu, kina mama walipika, na ibada ikiisha turubai la lori lilitandazwa juu ya miti uani, Wakristo na Waislamu wa mtaa mzima wakala pamoja. Idd ikifika, tulihamia upande wa pili wa ua na kula kwao. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha mimi nikaokoka upya.

Ulikuwa ule mwaka wa ukame mkubwa, miaka ya themanini, tulipokula mahindi ya manjano hadi yakatutoka puani. Mhubiri mmoja mgeni alikuja akafanya mkutano wa injili uwanjani. Alikuwa na suti na sauti! Akasema kuna Wakristo katika mji huu wanaosherehekea kuzaliwa kwa Bwana kwa nyama iliyochinjwa kwa jina ambalo si lake. Akauliza, "Hiyo ni Krismasi ya nani?" Watu walipiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani nimewaka.

Nilikuwa mzee wa kanisa, kijana kuliko wazee wote, na kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba. Nilimfuata Mchungaji nikamwambia mwaka huu tuchinje wenyewe.

"Sawa," akasema. "Basi nenda uambie jirani yako. Halafu ujue watu hawatakula. Wewe unataka kusherehekea na nani?"

Hapo nilikuwa na njia iliyonyooka mbele yangu, na sikuifuata. Kumwambia Sajini usoni niliona haya. Na nitawaambia ubaya wote: nilitaka turubai lijae kama kawaida, nilitaka sifa za ukarimu, na wakati uleule nilitaka kushinda kwa siri. Nilitaka vyote!

Mkesha wa Krismasi, jua likiwa bado juu, Sajini alifika kutoka Sericho. Lori lilikuwa jekundu kwa vumbi, naye macho yamemwingia ndani. Mifugo yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kule. Alikuwa ameiacha imelala njiani, mizoga mitupu. Lakini aliteremsha kondoo mmoja mwenye kichwa cheusi, mkia wake bado una mafuta, mnyama ambaye mwaka ule hungempata popote.

"Fundi, salaam aleikum. Hii ni ya sikukuu yenu," akasema.

"Sajini, mwaka huu si ungebaki naye? Hali ni mbaya."

"Nilikuwa na kumi na tisa. Sasa niko na hii moja. Hii moja itanifanya tajiri? Wacha watoto wakule. Kesho nikitoka msikiti nakuja kuchinja."

Nilimfunga kondoo kwenye mguu wa meza yangu ya kazi. Nilimpa maji. Nilisema asante, Mungu akubariki. Midomo yangu hii!

Asubuhi mke wangu alitoka mapema kwenda kupamba kanisa. Walikuwa wamekata tawi la mgunga wakalifunika pamba liwe mti wa Krismasi, na miiba iliwachoma vidole kila mwaka. Nikabaki peke yangu. Adhana ilipokwisha, nikajua Sajini yuko ndani anasali. Nikamlaza kondoo wake, nikataja jina la Yesu kwa sauti, nikamchinja.

Nilijiona shujaa. Nimtaje Yesu kwa sauti, halafu niwe nachungulia kwenye mwanya wa ua kama mwizi wa kuku!

Sajini alipofika na kisu chake ndani ya kitambaa, kondoo alikuwa ananing'inia, nusu ngozi imetoka. Alisimama.

"Ala! Nani amechinja?"

Bado ningeweza kusema. Mtu alikuwa ameuliza swali fupi kwa Kiswahili chepesi. Nikajibu, "Guyo wa buchari alipita. Alikuwa na haraka ya gari la Kulamawe, anaenda kwao, nikamwomba anisaidie ili wewe upumzike."

Guyo alikuwa kijana wa Kiborana, mchinjaji wa duka la nyama la mtaa, Mwislamu mwenye sifa nzuri. Nilijua amesafiri, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Mnaona nilivyokuwa nimepanga?

"Alhamdulillahi," Sajini akasema. "Guyo amefanya vizuri." Akarudisha kisu mfukoni, akakunja mikono ya kanzu, akanisaidia kumaliza kuchuna.

Nikaenda kanisani. Siku hiyo mimi ndiye niliyesoma neno, habari ya malaika na wachungaji waliokuwa makondeni usiku wakilinda kundi lao. Nilisoma kwa madoido. Nikaimba kwa kelele kuliko kwaya. Mke wangu alinitazama kwa furaha, akidhani Roho ameshuka.

Baada ya ibada turubai lilijaa. Hata watu waliokuwa hawajaonja nyama tangu mvua ilipokatika walikuja, wa msikiti na wa kanisa, watoto wakilamba vidole. Sajini alimleta Ayeyo kwa mkono, akamketisha kwenye mkeka. Kikongwe yule kwa kawaida hakula nje ya nyumba yake, ila kwetu. Mke wangu akamchagulia ini na mafuta ya mkia kwa sababu ya meno, akamkatia vipande vidogo, akamlisha kwa mkono wake.

Ayeyo akala, akamwombea dua mke wangu, akaniombea na mimi.

Nilikaa pale nikitabasamu. Sikusikia uchungu wowote. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo.

Jumapili iliyofuata, ya mwisho wa mwaka, ulikuwa wakati wa ushuhuda. Nilisimama mbele. Mdomo ulikuwa unaniwasha tangu Krismasi, maana ushindi wa siri una faida gani usipojulikana? Nikasema, "Bwana asifiwe!" Wakasema amina. Nikasema mwaka huu Bwana ametukuzwa katika mtaa wetu, kwamba kondoo wa Krismasi amechinjwa kwa jina la Yesu kwa mkono wa mtumishi wake, na waliokula wamekula, na hawajui.

Nilingoja makofi.

Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Mama mmoja Mturkana akafunika mdomo. Mke wangu alikuwa kwenye benchi la tatu. Aliitazama mikono yake, akaigeuza akaitazama viganja, akainuka akatoka nje.

Mchungaji hakuhubiri siku hiyo. Alifunga ibada kwa sala fupi, akanishika mkono wa shati. "Twende kwa Sajini," akasema. "Afadhali asikie kwetu kabla hajasikia sokoni."

Njiani nilianza kunukuu maandiko. Alinisikiliza hatua chache, kisha akasema, "Habari ya Krismasi unaijua kwa kichwa. Lakini kuna mtu ndani yake aliyewaambia wageni uongo mtamu, akasema na yeye anataka kuabudu. Unamkumbuka jina?"

Nilimkumbuka. Herode alikuwa ametajwa katika somo nililosoma mwaka uliotangulia, kwa madoido yaleyale.

Sajini alitukaribisha kibarazani, akaagiza chai kabla hatujaketi. Mchungaji akaniambia niseme mwenyewe. Nikasema, nikitazama chini. Nilipoinua macho, uso wa Sajini haukuwa na hasira kama nilivyotarajia. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na sasa hakioni.

"Kwa nini haukuniambia?" akauliza. "Ungesema tu, 'Sajini, mwaka hii tunachinja sisi wenyewe.' Mimi ningekuja. Ningekaa na wewe kwa hiyo turubai, nikunywe chai yangu, nikuambie sikukuu njema, niende. Kwani hiyo ni vita?"



Ayeyo alikuwa mlangoni. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Aliomba maji. Mkaza mwanawe akamletea birika, naye akasukutua mdomo, akatema. Akasukutua tena, akatema. Siku zilikuwa zimepita tangu ale, lakini alisukutua hadi birika likaisha, na sisi wanaume watatu tukimtazama.

Kisha akasema, "Mimi sikujua. Mungu anaona mimi sikujua. Wewe ulijua, mwanangu."

Aliniita mwanangu! Angenitukana ningepata nafuu.

Jioni hiyo sufuria zetu zote zilizokuwa kwao zilirudi kupitia mwanya wa ua. Zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu hadi zinang'aa, na zilikuwa tupu. Katika miaka yote ile chombo hakikuwahi kuvuka ua ule kikiwa kitupu, japo kiwe na ndimu mbili. Mke wangu alizipokea moja moja. Kesho yake Sajini akaziba mwanya kwa bati jipya.

Guyo aliporudi kutoka Kulamawe alikuta jina lake limechafuka, kwa sababu wengine walikuwa wameshasikia nusu ya habari, kwamba ni yeye aliyechinja vibaya. Alikuja karakana akasimama mlangoni. "Fundi, mimi nilikukosea nini?" Ni hayo tu. Ikabidi niende buchari, mbele ya foleni ya wateja, niseme kwa sauti kwamba Guyo hakuhusika, kwamba nilidanganya.

Nikaondolewa uzee wa kanisa. Nilistahili. Wenye maduka wa mtaa waliokuwa wakinipa milango na kaunta za kutengeneza wakatafuta fundi mwingine, nayo karakana ikanyamaza. Hayo nayo nilistahili. Lakini adhabu kali ilikuwa mezani kwangu. Kwa muda wa mwaka mzima, kila nilipoleta nyama nyumbani, mke wangu aliiweka mbele yangu na kuniuliza, watoto wakisikia, "Baba Kendi, nani amechinja?" Aliuliza kwa upole. Nikijibu, anasema, "Haya," na anakula ugali na mboga.

Nilimwambia siku moja basi, yatosha. Akasema, "Ayeyo alikula kutoka mkononi mwangu. Mkono wangu uliutumia bila kuniomba."

Krismasi iliyofuata tulichinja wenyewe, wazi, kama nilivyotaka. Hongera kwangu! Turubai halikuwepo. Tulikula ndani ya kanisa, kwenye mabenchi yangu, kila mtu akitazama sahani yake. Nyama ilibaki. Waturkana wengi walibeba nyama yao kwenda kula kwao, maana majirani zao pia walikuwa Waislamu na hawakutaka kuonekana wakila karamu ile. Mchungaji alisema sentensi chache kuhusu mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, akaketi.

Idd ilipofika nilijua hatutapata kitu. Lakini sinia lilikuja, likizungushwa kupitia barabarani kwa sababu mwanya ulikuwa umezibwa. Pilau, nyama, na kitambaa juu. Aliyelileta alisema, "Ayeyo amesema jirani apewe haki yake." Watoto wakala. Mimi nilichukua tonge moja, likakataa kushuka. Kila Idd lilikuja, na kila Idd ilikuwa hivyo.

Babake Sajini alipofariki, miaka kabla ya ukame, mbao za kufunikia kaburi nilizikata na kuziranda mimi. Sajini alikuwa amesema hataki mkono mwingine. Ayeyo naye akafariki, misimu kadhaa baada ya ukame. Nilisikia vilio alfajiri nikaamka, nikawasha taa ya karakana, nikachagua mbao safi, nikanoa randa. Nilingoja waniite. Jua likapanda. Nikaona mkokoteni ukipita barabarani mbele ya mlango wangu umebeba mbao zilizokatwa, kutoka kwa fundi wa upande wa pili wa mji.

Nilisindikiza jeneza nikiwa nyuma kabisa ya watu. Nilikuwa sijamwomba msamaha yule mama peke yake, ana kwa ana. Nilikuwa nangoja siku nzuri.

Baada ya matanga nilimwendea Sajini. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima. Akaniacha nilie nimalize. Kisha akaweka mkono begani kwangu akasema, "Nimekusamehe, Fundi. Walahi nimekusamehe. Hata mama alikusamehe kabla akufe. Lakini kwako kula, sitakula tena."

Sasa kanisa limerudia desturi ya zamani. Guyo ndiye huchinja, uani kwangu, mbele ya macho ya watu, na majirani wamerudi mmoja mmoja, wengi wao vijana wasiokumbuka sana. Sajini naye huja. Mchungaji alimwalika akakubali, na tangu hapo hajakosa. Huleta turubai lake, hukaa karibu nami, husalimia kila mtu, huuliza habari za Kendi.

Wewe unayesoma, labda nawe umewaka kama nilivyowaka. Una imani kali, vizuri, kaa nayo. Lakini kama huwezi kumwambia jirani yako jambo hilo usoni mchana, usilifanye kwa jina la Mungu nyuma ya mgongo wake. Usimtie mtu mdomoni kitu ambacho hakukichagua, ukaita hiyo ibada. Na ukishakosa, nenda siku hiyohiyo, usingoje siku nzuri kama nilivyongoja mimi.

Krismasi iliyopita ilikuwa vilevile. Sahani zilipita, Guyo mwenyewe akampakulia Sajini nyama aliyoichinja kwa mkono wake. Sajini akashukuru, akampa sahani mtoto aliyekuwa karibu. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa chupa yake ya chai aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na vikombe viwili. Akamimina kimoja akanipa mimi, na kingine akanywa yeye.

"Sikukuu njema, Fundi," akasema.

Nikanywa chai yake.